Kikomo Nilichokithibitisha Asubuhi

Marahaba, wanangu, na heshima yenu nimeipokea. Sasa niwaudhi kidogo.

Juzi fundi mmoja kijana, mwenye kibanda cha simu na kompyuta karibu na stendi hapa Singida mjini, alinisalimia vizuri sana, akanivutia kiti, akaniagizia soda, kisha akanionyesha kazi aliyokuwa akijivunia. Mteja alimletea laptop inayojizima kila ikipata moto, naye ameshaiponya. Nikamuuliza ameiponyaje. Akasema ameingia kwenye mfumo endeshi, akakuta kikomo cha joto cha kujizima kimewekwa nyuzi mia moja, akakipandisha mpaka mia na kumi na tano. Namba hiyo ameitoa mtandaoni. Nikamuuliza kama feni inazunguka. Akasema hilo hajaangalia, kwa sababu mteja alileta tatizo la kujizima, hakuleta tatizo la feni.

Nilimaliza soda yake nikaondoka. Ningeweza kumcheka mpaka nyumbani, na kweli nilimcheka mpaka karibu na soko. Halafu nikakumbuka Itigi, kicheko kikanikauka. Huyu kijana anaharibu laptop moja moja kibandani kwake. Mimi niliharibu kwa fomu, tena yenye muhuri.

Kwa msionifahamu, mimi ni Mama Neema, nimefanya ufundi wa kompyuta zaidi ya miaka ishirini katika ofisi ndogo ya ufundi hapa mjini. Jina lake silitaji, maana wenyewe wapo hai na mimi bado nasali nao. Sasa nimestaafu, nalima alizeti kwetu Mkalama, nafuga na kuku. Kuku hawana mfumo endeshi, ndiyo maana nimenenepa.

Jambo lenyewe ni dogo kuliko mnavyolikuza kwenye vikundi vyenu vya simu. Ndani ya prosesa, ubongo wa kompyuta, mna kipimo kidogo cha joto. Mfumo endeshi unakisoma kila mara na kukilinganisha na vikomo ulivyouandikia wewe. Kikomo cha kwanza kikifikiwa, mfumo unapunguza mwendo wa mashine ili ipoe. Cha mwisho kikifikiwa, unazima kila kitu kabla hakijaungua. Basi, hakuna zaidi. Kazi ya fundi si kuandika namba, maana namba hata kasuku akifundishwa ataziandika. Kazi ni kuhakikisha kwamba joto likifika pale, mfumo utafanya kweli ulichouambia, na kwamba ulichouambia kina akili.

Kuna mwenzangu ofisini aliyeitwa Hango, mtu mcheshi, mikono myepesi kuliko kichwa. Mifumo tuliyokuwa tunafunga haiandiki nyuzi tisini kama tunavyosema mimi na wewe. Inaandika elfu tisini, kwa sababu inagawa kila nyuzi moja vipande elfu. Hango akaandika tisini, akaweka mashine iwe inausoma mpangilio huo kila inapowaka. Kwa hesabu za mashine hiyo ni baridi ya barafu. Basi ikawa inawaka, inajipima, inaona imeshapita kikomo, inajizima. Hango alibadilisha waya wa umeme. Akabadilisha kumbukumbu. Akaipuliza vumbi mpaka akapata kikohozi. Siku ya tatu akaandika fomu ya kuitupa, akaeleza kwa mwandiko mzuri kwamba bodi imekufa kutokana na hali ya hewa ya Singida.

Mkuu wetu, Mzee Mkumbo, aliisoma ile fomu, akaiwasha mashine kwa flashi, akafungua faili la mpangilio, akaongeza sifuri tatu. Mashine ikaamka. Akarudi kwenye chai yake, na Hango akashinda siku nzima akifagia mahali palipokuwa pasafi.

Huyo Mzee Mkumbo ndiye aliyenifundisha. Mnyiramba wa Kiomboi, mfupi, aliyeanzia kwenye taipureta na redio za mkulima, na alikuwa haamini namba yoyote ambayo hajaiona ikifanya kazi. Ukishaandika kikomo, alitaka ukisome tena, kwa sababu mfumo mwingine unakubali kwa mdomo tu na ndani umebaki na namba yake ya zamani. Uzime mashine, uiwashe, usome mara ya pili. Halafu ujaribu. Wengi wenu mkisikia kujaribu mnadhani ni kuichemsha mashine mpaka itoe moshi. Yeye alifanya kinyume. Alikishusha kikomo kwa muda, tuseme nyuzi sitini, akaipa mashine kazi nzito, akatazama kama ikifika sitini inajizima kweli. Ikizima, anakirudisha mahali pake, anasoma tena, anasaini. Hivyo unajua breki inashika bila kutumbukia korongoni.

Na kitu kimoja alikirudia mpaka tukakichoka: mashine upime ikiwa kazini kwake, kwenye saa yake ya taabu. Tuliitikia ndiyo mzee. Kisha tukaendelea kupima saa tatu asubuhi. Ufundi wote wa ofisi yetu ulifanyika kati ya saa tatu na saa tano, kwa sababu kila mtu alitaka kugeuza na gari la mchana akale kwake. Upepo wa Singida asubuhi unaujua mwenyewe; hata jiwe ukilipima saa hizo utalikuta na afya njema.

Hango, kwa mfano, alitumwa mara tatu kwenye shule moja upande wa Mgori, kompyuta ya ofisi inachemka. Mara ya kwanza akapandisha kikomo. Mara ya pili akapandisha tena. Mara ya tatu akapandisha, akaandika "joto la mazingira". Mara ya nne nikaenda mimi. Niliinama chini ya meza kutafuta soketi nikakutana uso kwa uso na kuku jike, ametulia nyuma ya kasha la kompyuta, anatamia. Joto la mazingira lilikuwa na mayai tisa. Mwalimu mkuu akanieleza kwamba wote wanamjua, ila fundi hakuwauliza, nao waliona si vizuri kumwingilia mtaalamu.

Nilimcheka Hango mwaka mzima. Nawaambia mjue, ili nikifika Itigi msinihurumie.

Pale Itigi palikuwa na kituo cha mtu binafsi cha kukusanya asali. Wafuga nyuki walileta ndoo zao kutoka vichakani, wengine kutoka Rungwa huko, juu ya malori. Karani wa kuzipokea aliitwa Bi. Mwajuma, mwanamke wa makamo, mkimya, mwenye mwandiko ulionyooka. Alipima uzito, akapima maji yaliyomo kwenye asali, akaingiza kwenye kompyuta jina la mtu, kijiji chake na namba ya ndoo. Mnunuzi alitaka kujua kila ndoo imetoka wapi, ili iliyochakachuliwa kwa sukari ijulikane ni ya nani. Kwa hiyo kompyuta ile ndiyo iliyokuwa mlango wa kituo kizima, na Bi. Mwajuma ndiye aliyekaa mlangoni.

Mashine nilifunga mimi, wakati wa kipupwe. Vikomo nikaviweka sawasawa: ikifika nyuzi themanini ipunguze mwendo, ikifika tisini ijizime. Nikawapa na semina ya nusu saa, nikala wali wao, nikaondoka.

Kipupwe kikaisha, joto likaanza. Meneja wa kituo akanipigia simu. Alikuwa bwana mmoja wa shati la kuchomekea, mwenye haraka hata akiwa ameketi. Akalalamika kwamba mashine mchana inatambaa, hawezi kufungua kitu, nimemuuzia mashine iliyozeeka. Fundi mwenye akili angeuliza kwa nini inatambaa mchana na si asubuhi. Mimi niliona nimeshalijua jibu: kikomo cha kwanza kiko chini mno, kinapunguza mwendo hovyo. Nikapanda gari la alfajiri, saa tatu nikawa Itigi, nikaketi kwenye kiti cha Bi. Mwajuma, nikakipandisha kikomo cha kupunguza mwendo kutoka themanini hadi tisini na tano. Nikaichezesha mashine dakika kumi, ikaenda kama mpya. Nikajaza fomu, mahali palipoandikwa "Vikomo vimethibitishwa" nikaweka alama ya vema, nikapiga muhuri. Saa tano nilikuwa barabarani narudi, nimejaa kujisifu.

Hesabuni wenyewe. Kupunguza mwendo, tisini na tano. Kujizima, tisini. Nilikuwa nimemwekea mtu onyo ng'ambo ya kifo chake. Joto likipanda, mashine haitapunguza chochote, itakwenda mbio mpaka tisini kisha itazima ghafla. Na mfumo ulizipokea zile namba bila kunung'unika. Haukuniuliza, mama, unaumwa?

Ikaanza kuzima. Si asubuhi, mchana, wafuga nyuki wakiwa foleni, ndoo zimejaa barazani. Inazima katikati ya jina la mtu, kilichoandikwa kinapotea, inagoma kuwaka mpaka ipoe. Ndoo zikachanganyika. Mnunuzi akakuta asali yenye sukari ndani ya ndoo zisizo na jina. Meneja akafungua kabati, akatoa fomu yangu, akaona vema na muhuri. Mashine imethibitishwa. Umeme upo, maana feni ya darini ilikuwa inazunguka. Basi anayezima ni karani. Bi. Mwajuma akaandikiwa barua ajieleze ndani ya siku saba kwa nini anazima mashine makusudi ili ndoo zilizochakachuliwa zipite bila jina.

Fikirini barua ya namna hiyo katika mji mdogo. Kazi ile ndiyo aliyokuwa nayo, na akifukuzwa kwa sababu ile hakuna duka pale Itigi litakalompa hata kupima sukari. Alipokuwa akipita sokoni na watu wakipunguza sauti, mimi nilikuwa Singida nakula mihogo ya kukaanga.

Meneja akaniita tena, si kwa kutengeneza. Alitaka nije niseme mbele ya mashahidi kwamba mashine ni nzima, amalize. Nikapanda gari la alfajiri kama kawaida, na namshukuru Mungu kwa msumari uliokuwa barabarani. Tukapata pancha kabla ya Mkiwa, tairi la akiba nalo halina upepo, tukakaa hapo mpaka jua likawa utosini. Nikafika kituoni saa nane mchana, hakuna aliyenitegemea tena siku hiyo, nimejaa vumbi.

Mashine ilikuwa imevaa. Kioo kilikuwa wazi, lakini kasha lote lilikuwa limefunikwa kitambaa kizito cha kudarizi, maua mekundu pembe nne, katikati "Karibu Mgeni", kimefika mpaka chini, hakuna tundu linalopumua. Bi. Mwajuma aliponiona aliinuka, akanisalimia, akakiondoa haraka, akakikunja vizuri, akakiweka pembeni. Nikaelewa papo hapo. Mgeni akija kufanya kazi kwenye mashine, kitambaa kinaondolewa kwa heshima yake. Akiondoka kinarudishwa. Mafundi wote wa dunia hii wangekuja pale na wasingekiona.

Nikamwomba akirudishe, aendelee kuandika kama siku zote. Nikaketi pembeni, nikifuatilia joto kwenye laptop yangu. Sabini na tisa. Themanini na nne, mwendo uleule. Themanini na nane. Nikafungua vikomo nivisome, kitu ambacho Mzee Mkumbo alinihimiza nusu ya maisha yangu, nikaona namba zangu mbili zimekaa kinyumenyume. Kabla sijafunga mdomo, kioo kikawa cheusi. Bi. Mwajuma hakushtuka. Alivuta daftari, akaandika saa na dakika, akaandika feni ya darini inazunguka. Kurasa nne zilikuwa zimejaa hivyo, siku baada ya siku. Kurasa zile zilikuwa uthibitisho bora kuliko wowote nilioufanya kwa mshahara.

Nikamweleza meneja ofisini kwake. Sikumweleza yote. Nilimweleza habari ya kitambaa, nikaona uso wake unang'aa.

"Sasa mama, si rahisi?" akasema. "Andika mtumiaji alifunika mashine. Si uongo. Kitambaa ni chake."

Na mimi, wanangu, niliandika. Kwa mkono huu. Ilikuwa kweli tupu, na ilikuwa inaniokoa. Habari ya vikomo hakuna aliyeijua pale isipokuwa mimi; ningevirekebisha kimyakimya, kitambaa kingetolewa, mashine ingetulia, nami ningestaafu na sifa zangu zote.

Tatizo la fomu ile ni kwamba ilitaka saini ya mtumiaji pia. Nikamsomea Bi. Mwajuma. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mezani.

"Kitambaa ni changu, sikatai," akasema. "Lakini aliyetuambia tufunike ni nani, Mama Neema?"

Alikuwa anasema kweli. Kwenye ile semina ya nusu saa nilisimama mbele yao nikatangaza kwamba vumbi la Itigi ni adui, mashine ifunikwe. Nililirudia mara tatu, kama tulivyofundishwa sisi zamani, tulipokuwa tunavua viatu mlangoni mwa chumba cha kompyuta. Sikusema ifunikwe ikiwa imezimwa. Niliona hilo linajulikana. Yeye akaenda kutoa kitambaa kizuri kuliko vyote nyumbani kwake, akatii.

Niliona aibu ambayo sijaiona tena. Nikaichana fomu, nikaomba nyingine. Nikaandika kwamba mashine ilifunikwa kwa maelekezo ya fundi. Kwamba hata hivyo isingejizima kama vikomo vingekuwa sawa. Kwamba fundi aliweka cha kupunguza mwendo juu ya cha kujizima, akathibitisha bila kujaribu. Nikaandika jina langu kwa herufi kubwa. Meneja aliisoma mara mbili, akaniuliza kama nina hakika, akiniangalia kama mtu anayevua nguo barabarani. Barua ya Bi. Mwajuma akaifuta siku hiyohiyo, maana mnunuzi naye angeisoma ile fomu. Yangu ya onyo ikaja baada ya wiki, ipo kwenye jalada mpaka leo. Hango aliisoma kwa sauti ofisini, na ilikuwa haki yake. Mzee Mkumbo aliuliza swali moja tu, nilipima saa ngapi. Nikasema saa tatu asubuhi. Akaendelea na chai.

Lakini kabla sijaondoka Itigi nilifanya kazi niliyokuwa nimelipwa kuifanya. Nikarudisha themanini na tisini, nikasoma, nikazima, nikawasha, nikasoma tena. Nikashusha cha kujizima nione kama kinashika, kikashika. Nikakirudisha. Kisha kwenye joto lilelile la mchana chini ya bati, saa tisa na nusu, nikafunga matundu kwa kadibodi, nikaipa mashine kazi nzito. Ilipofika themanini ikapunguza mwendo, ikapanda mpaka themanini na tatu, ikakaa hapo nusu saa bila kuzima. Bi. Mwajuma aliandika zote kwenye daftari lake, na safari hii nilisaini chini ya mwandiko wake.

Nilipokuwa nakusanya vifaa nikamwambia pole. Aliitikia kwa adabu, kisha akasema, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira.

"Mara ile uliketi hapa dakika kumi. Mimi nilisimama hapo nyuma yako, nasubiri uniulize mashine inasumbua saa ngapi. Ningekwambia kila kitu. Hukugeuka."

Nikamwomba msamaha. Akasema yameisha. Halafu akaniomba nimpishe kiti, kwa sababu watu wa Rungwa walikuwa wamesimama na ndoo zao tangu asubuhi, nami nilikuwa bado nimekikalia.